Barabara Iliyolipwa na Nguruwe: Uchambuzi wa Kisa cha Buncombe Turnpike, 1824–1882

Kisa hiki kinahusu Buncombe Turnpike, barabara ya kulipia (kwa Kiingereza turnpike) iliyopasuliwa katika milima ya magharibi ya North Carolina, Marekani, miaka ya 1820. Wengi wanaosimulia habari za barabara za aina hii huanzia getini: nani alilipa, alilipa kiasi gani, nani alikwepa. Hapa geti si mahali pazuri pa kuanzia. Fedha nyingi zilizunguka hatua chache pembeni mwa barabara, kwenye mazizi, maghala na mashamba ya mahindi. Ukilishika hilo utaelewa kwa nini barabara ilistawi upesi, na pia kwa nini ilipodhoofika haikupata wa kuitetea.

Watu waliokuwa na vyeo vya umma nimewataja kwa majina. Wanahisa, wenye nyumba za wageni na wachuuzi wa mifugo nimewaacha bila majina, kwa kuwa kinachotuhusu ni walichoamua.

## Mazingira

Mto French Broad unaanzia kwenye milima ya Blue Ridge, lakini badala ya kuteremka mashariki kuelekea bahari ya Atlantiki, unashika upande wa kaskazini, unapita Asheville, kisha unaukata mgongo wa milima na kutokea Tennessee. Maji yalikuwa yamekwisha kuchimba njia ambayo binadamu angeitafuta kwa taabu. Tatizo ni kwamba yaliichimba nyembamba mno. Kati ya Asheville na chemchemi za maji moto zilizoitwa Warm Springs (leo mji wa Hot Springs) kuna mahali pengi ambapo ukuta wa mwamba unashuka karibu hadi majini, na kilichobaki katikati ni kijiukanda cha ardhi.

Wacherokee walikuwa na njia zao za miguu katika nchi hii kabla mzungu hajaiona. Mkataba wa Holston wa 1791, kati yao na serikali ya Marekani, ulifungua mlango kwa walowezi zaidi, na mwaka huo huo kaunti ya Buncombe ikaundwa. Mwaka 1795 magari mawili ya kukokotwa kutoka South Carolina yalifika Knoxville kwa kupitia Warm Springs, na likawa jambo la kuzungumzwa, maana hakuna aliyetegemea magurudumu yangepita huko. Novemba 1800 Askofu Francis Asbury wa Kanisa la Methodisti, mtu aliyeishi safarini kuliko nyumbani, alikuwa ameupita mwamba wa Paint Rock kwenye mpaka wa Tennessee kwa hatua chache tu, farasi wake alipoyumba na kuanguka pamoja na kigari. Mti mmoja mwembamba ndio uliozuia farasi na kigari visitumbukie mtoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa barabara kuu.

Matengenezo yalifanywa kwa utaratibu wa kaunti za siku zile: mahakama ya kaunti inateua msimamizi wa kipande cha barabara, naye anawaita wanaume wa jirani watoke na majembe na mashoka yao kwa siku zilizopangwa. Utaratibu huo unafaa barabara ya kwenda kanisani na sokoni. Kwa barabara ambayo wapitaji wake wakuu wanatoka jimbo jingine na kwenda jimbo la tatu, ni wazi kwamba mkulima wa njiani atafanya kazi ya kukwepa faini tu na kurudi nyumbani kwake.

Pande mbili za mlima, wakati huohuo, zilikuwa zinahitajiana. Tennessee na Kentucky zilikuwa na mahindi na nguruwe kuliko zilivyoweza kula. Kusini, South Carolina na Georgia, wenye mashamba makubwa waliokuwa wakitumikisha watumwa walizidi kuiacha ardhi kwa pamba, wakawa wananunua nyama. Mahindi hayabebeki umbali huo kwa gari na kubakiza faida. Nguruwe aliyelishwa mahindi ana miguu yake.

## Msukumo wa kuanza

Jambo lililoharakisha mambo halikutoka Buncombe. South Carolina ilikuwa imejenga barabara yake ya jimbo kuelekea milimani, kazi iliyosimamiwa na Joel Poinsett aliyekuwa mkuu wa bodi ya kazi za umma, na daraja lake la mawe la mwaka 1820 bado limesimama hadi leo. Barabara hiyo ilifika Saluda Gap, upenyo wa milima ulio mpakani mwa majimbo hayo mawili. Jirani alikuwa ameileta barabara hadi mlangoni, na ng'ambo ya mlango palikuwa na njia za kubahatisha.

Mwaka 1824 bunge la North Carolina lilitoa hati ya kuunda kampuni ya Buncombe Turnpike. Miongoni mwa waliousukuma muswada huo alikuwemo David L. Swain, mbunge kijana wa kaunti hiyo mwenye umri wa miaka 23, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana. Njia ilitajwa ndani ya sheria: kutoka Saluda Gap, kupitia Asheville na Warm Springs, hadi mpaka wa Tennessee. Ni kama maili 75, yaani kilomita 120.

Waliopewa kazi ya kukusanya michango ya hisa walikuwa wenyeji watatu. Mmoja alikuwa postamasta wa Asheville, baba yake yule mbunge. Mwingine alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Ireland, aliyeanza maisha ya Marekani kama mfumaji na mchuuzi na aliwahi kuswaga mifugo mwenyewe kwenda kuiuza mbali, na wakati huo alikuwa na hoteli mjini. Msomaji anaweza kukunja uso hapa: baba anakusanya hisa za barabara ambayo mwana anaipigania bungeni, na mwenye hoteli anapanga mahali pa kupita wageni wake. Leo tungeuita mgongano wa maslahi. Ukweli ni kwamba bila maslahi hayo barabara isingekuwepo, na nitalirudia hilo katika uchambuzi kwa sababu lina pande mbili.

## Uamuzi wa kwanza: ukingo wa mto au mgongo wa mlima

Njia ya zamani ilikuwa ikiukimbia mto kila palipobana. Inapanda mlima, inateremka, inapanda tena. Sababu yake ilikuwa ya haki: kupanda mlima hakuhitaji baruti, na mafuriko hayafiki juu. Waliopanga barabara mpya waliamua kinyume. Kaskazini ya Asheville barabara ingeshikamana na mto, na mwamba ukizuia, mwamba utavunjwa.

Kwa zana za miaka ya 1820 uamuzi huo ulimaanisha sururu, nyundo, patasi za kutobolea mwamba na baruti nyeusi. Ulimaanisha pia barabara ambayo sehemu nyingine magari mawili yakikutana, mmoja lazima asubiri. Kilichopatikana ni mteremko mpole. Mto umekwisha kuusawazisha ukingo wake, na anayeufuata hapandi wala hateremki kwa ghafla. Kwa farasi anayevuta mzigo ni nafuu kubwa. Kwa kundi la nguruwe walionona ni jambo la uhai, kwani nguruwe hana tezi za jasho za kumfaa, na ukimpandisha mlima mkali kwa haraka anaanguka na kufa njiani.

Gharama ya uamuzi iliwekwa kiporo. Mto ukijaa, barabara iko chini ya maji. Waliopanga walilijua hilo, kwa sababu yeyote aliyekaa miaka kadhaa kwenye bonde la French Broad anajua. Waliamua kwamba barabara inayofungwa siku chache kwa mwaka ni bora kuliko barabara inayochosha mwaka mzima. Naona walikuwa sahihi, kwa sharti kwamba kuwe na mtu atakayeirudisha kila inaposombwa. Sharti hilo ndilo lililokuja kukosekana.

## Uamuzi wa pili: kampuni ya hisa na mageti

Jimbo halikuwa na fedha wala hamu ya kujenga barabara ya milimani, na kaunti peke yake isingeweza. Kwa hiyo hati iliipa kampuni haki ya kutoza kila apitaye: gari, mpanda farasi, mnyama kwa kichwa. Kazi ya ujenzi ilikamilika kufikia mwaka 1828.

Kuna jambo la kijiografia lililowasaidia, na sidhani kama linasemwa vya kutosha. Barabara nyingi za kulipia katika nchi tambarare ziliumizwa na njia za panya. Msafiri anaiacha barabara kabla ya geti, anazunguka shamba la mtu, anaibukia mbele. Kwenye korongo la French Broad huwezi. Upande mmoja mwamba, upande mwingine mto. Ukiwa na nguruwe mia tano huna ujanja wa kuzunguka. Geti lililowekwa mahali pembamba lilifanya kazi ambayo askari kumi wasingeifanya uwandani.

## Kilichotokea: msimu wa nguruwe

Kuanzia Oktoba hadi Desemba, baada ya mavuno na baada ya nguruwe kunenepa kwa njugu za miti ya mwituni na mahindi, makundi yalianza kuteremka kutoka Tennessee. Makadirio ambayo wanahistoria huyarudia ni nguruwe 150,000 hadi 175,000 kwa mwaka waliopita Asheville. Pamoja nao walipita ng'ombe, farasi, nyumbu wa mizigo, hata makundi ya bata mzinga, ambao giza likikaribia huruka mitini na kugoma kushuka mpaka asubuhi, mswagaji apende asipende.

Nguruwe hutembea maili nane hadi kumi kwa siku. Takwimu hiyo ndogo ndiyo iliyoipanga nchi nzima ile. Maili 75 kwa mwendo huo ni siku nane au zaidi barabarani, na kila jioni kundi lazima lilale, lile na linywe. Kwa hiyo vituo vikaota kila baada ya maili chache: nyumba ya kulala wasafiri, mazizi makubwa, ghala la mahindi, duka. Nguruwe wakorofi walishonwa kope wasione, wakawa wanafuata wenzao kwa kusikia, na walipofika zilifumuliwa. Ni ukatili, ila ndivyo ilivyofanywa.

Kipimo cha desturi cha chakula kilikuwa busheli 24 za mahindi kwa nguruwe 1,000 kwa usiku mmoja, sawa na kilo 600 hivi. Piga hesabu mwenyewe. Kwa nguruwe 150,000 na malazi nane, tunazungumzia zaidi ya tani 700 za mahindi zinazoliwa kandokando ya barabara moja ndani ya miezi mitatu, katika nchi ambayo kabla ya hapo mkulima alikuwa hana pa kuyauzia.

Kikaota na mtandao wa mikopo. Mwenye kituo alikuwa na duka. Mkulima wa milimani alichukua chumvi, kahawa, nguo na chuma kwa mkopo mwaka mzima, akalipa kwa mahindi wakati wa mavuno. Mwenye kituo akawauzia waswagaji mahindi yaleyale kwa fedha taslimu, au kwa ahadi ya kulipwa wakirudi kutoka sokoni. Nguruwe aliyelemaa alibaki kituoni kama sehemu ya malipo, akaingia kwenye pipa la chumvi. Fedha taslimu ilimfikia mwenye kituo. Mkulima aliona zaidi daftari la deni likifutwa na kuanza upya.

Tozo ya getini kwa kichwa cha nguruwe ilikuwa sarafu ndogo. Chakula cha siku nane hakikuwa kidogo. Ndiyo maana nasema barabara ilikuwa na mifuko miwili, na ule wa kampuni haukuwa mnene kuliko ule wa wenye vituo.

## Wapitaji wa aina nyingine

Joto na malaria za pwani ya South Carolina ziliwafanya matajiri wa Charleston watafute milima kila kiangazi. Flat Rock, kusini ya Asheville, ilianza kujengwa nyumba zao za kifahari kuanzia 1827, barabara ikiwa bado inakamilishwa. Mwaka 1831 familia ya yule mfanyabiashara mzaliwa wa Ireland ilinunua eneo la Warm Springs, na hoteli kubwa yenye nguzo ndefu ikasimama hapo kabla ya muongo kwisha. Wageni walifika kwa magari ya farasi ya abiria, wakiwa na watumwa wao, na kazi ya jikoni, mazizini na mashambani katika hoteli za milimani ilifanywa kwa sehemu kubwa na watu waliomilikiwa. Wanaosimulia barabara hii kama hadithi ya wakulima huru wa milimani huliruka hilo. Nyama ilikwenda kulisha uchumi wa pamba, na faida ilirudi kwa watalii wa uchumi huohuo.

## Dalili zilizoonekana mapema

Julai 1836 wajumbe wa majimbo mengi walikutana Knoxville kupanga reli ya kutoka Charleston hadi Cincinnati, kupitia bonde la French Broad. Robert Y. Hayne, aliyekuwa gavana wa South Carolina, aliongoza kampuni hiyo. Msukosuko wa fedha wa 1837 ukaikata pumzi, na Septemba 1839 Hayne mwenyewe alifariki Asheville, alikokuwa amekwenda kwa shughuli za kampuni. Reli ikafa pamoja na juhudi zake.

Kwa hiyo wenye barabara walijua tangu mwaka wa nane wa kazi yao kwamba kuna kitu kinakuja kuwarithi. Walipewa muda mrefu kuliko walivyostahili, nao hawakuutumia.

Walichofanya miaka ya 1850 ni kufuata mtindo wa zama. Hati ya barabara ya mbao kati ya Asheville na Greenville, South Carolina, ilitolewa mwaka 1851, na ikachukua nafasi ya sehemu ya kusini. Mbao zilipangwa kukata barabara, magurudumu yakateleza vizuri, kila mtu akafurahi. Katika milima yenye mvua nyingi kama ile, mbao iliyolala ardhini huoza baada ya miaka michache. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza mwaka 1861 hakukuwa na mtu wa kubadilisha mbao.

Pigo lenyewe, hata hivyo, lilitoka upande wa pili wa mlima. Reli kutoka Atlanta ilifika Chattanooga karibu na mwaka 1850, na kufikia 1858 reli za Tennessee mashariki zilikuwa zimeungana kutoka Georgia hadi Virginia. Mfuga nguruwe wa Tennessee sasa alikuwa na njia ya kuzunguka milima bila kuipanda, na nguruwe wake hawakukonda njiani.

## Matokeo

Aprili 1865 kikosi cha jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya kaskazini, cha watu kama 1,100 kilitoka Greeneville, Tennessee, kikifuata barabara ya mtoni kwenda kuishambulia Asheville, kikarudishwa. Baada ya vita makundi ya mifugo yaliendelea kupita, ila si kama zamani. Reli ya Western North Carolina ilipasua handaki la Swannanoa mwaka 1879 kwa kazi ya wafungwa, wengi wao watu weusi, na zaidi ya mia moja wakafia kwenye mradi huo. Treni ilifika Asheville Oktoba 1880 na mpakani mwa Tennessee mwaka 1882. Vituo vya nguruwe vikawa nyumba za kawaida, na ardhi ya mahindi ikaingia tumbaku.

## Uchambuzi

Uamuzi wa kufuata ukingo wa mto ndio bora kuliko yote. Waamuzi hawakuuliza njia ipi ni rahisi kujenga, waliuliza nani atapita na anaweza kupita vipi. Nadhani ilisaidia kwamba mmoja wao aliwahi kutembea nyuma ya mifugo. Ramani isingemwambia kwamba mteremko ni muhimu kuliko ufupi.

Mgongano wa maslahi nilioutaja unahitaji kupimwa kwa mizani miwili. Mwanzoni ulisaidia: waliokusanya hisa waliweka hisa zao, na wenye vituo walikuwa na sababu ya kutaka barabara ipitike. Baadaye ukawa udhaifu. Aliyenufaika zaidi, mwenye kituo, hakuwa na wajibu wowote wa kisheria juu ya barabara yenyewe. Kampuni yenye wajibu ilitegemea tozo pekee, na tozo ilitegemea kundi lile lile la nguruwe. Nguruwe walipohama, kampuni ilikosa fedha za kurekebisha, na mwenye kituo aliyekuwa amejitajirisha akahamishia mtaji wake kwenye hoteli, ardhi na hisa za reli. Kama hati ya 1824 ingefunga sehemu ya mapato ya vituo kwenye matengenezo, kwa mfano kwa leseni ya kila zizi, mfuko ungekuwa mpana zaidi. Mbinu hiyo haikuwa ngeni, kwani baa na nyumba za wageni zilikuwa tayari zinalipa leseni katika kaunti.

Mkulima wa milimani ndiye ambaye simwoni amepata alichostahili. Mahindi yake ndiyo yaliyofanya safari iwezekane, lakini bei alipangiwa na mtu yule yule aliyemuuzia chumvi. Barabara ilimletea soko lenye mnunuzi mmoja. Ilipokwisha alibaki na shamba lililolimwa mahindi miaka hamsini kwenye mteremko, udongo umechoka, na hana akiba ya fedha ya kuanzia zao jingine.

Barabara ya mbao sioni haja ya kuichambua sana. Ilikuwa kununua teknolojia kwa sababu wengine wameinunua. Wilaya yenye mvua ingeona kwamba mbao ni gharama ya kila miaka michache, na kwamba kokoto, japo ghali mwanzoni, hukaa.

Kuna deni moja la 1824 ambalo halikuzikwa na kampuni. Reli ilishika ukingo uleule wa mto, na mji wa Marshall ukakua kwenye ukanda mwembamba kati ya mwamba na maji, pale nguruwe walipokuwa wakilala. Julai 1916 mto ulifurika na kusomba reli na viwanda vya bonde hilo. Septemba 2024 kimbunga Helene kikaujaza tena, na maji yakaingia madukani Marshall na Hot Springs. Gharama ya mteremko mpole bado inalipwa, ila sasa inatoka kwenye kodi za watu ambao hawana geti la kuirudisha.